Injini ya 2L kufumuliwa na kupakwa rangi nyumbani: kisa cha Hilux ya mzee mmoja

Kisa hiki ni cha kweli, majina na mahali nimeondoa, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mwenye gari tutamwita Mzee S, mpwa wake aliyefanya kazi tutamwita Kijana. Mimi nilikuwa mtu wa kupigiwa simu, na mara mojamoja naenda kuangalia. Bei sitaji maana zinabadilika kila kukicha na zinatofautiana mji na mji.

Gari na watu wake

Gari ni Hilux pikapu kebini moja, ya mwishoni mwa miaka ya 80, injini 2L ya dizeli. Kwa asiyeijua, 2L ni silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 2446, kipenyo cha silinda milimita 92 na mwendo wa pistoni milimita 92, haina tabo (turbo), taiming yake ni ya belti. Ni injini ya kizamani, haina kompyuta wala sensa za kukusumbua, ndiyo maana mpaka leo vijijini zinatembea.

Mzee S ni mwalimu mstaafu, analima mahindi na nyanya Nyanda za Juu Kusini, kule ambako asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba baridi inakata kwelikweli na barabara ni milima tu. Gari aliinunua mkononi, historia yake ya sevisi hakuna anayeijua. Kijana amesoma ufundi magari, amefanya kazi gereji ya watu miaka kadhaa, ila injini nzima kwa mikono yake peke yake alikuwa hajawahi kuisimamia. Mahali pa kazi ni banda la nyuma ya nyumba, bati juu, chini udongo.

Dalili na vipimo vya kwanza

Gari ilikuwa inatoa moshi wa bluu hasa ikitoka kuteremka mlima halafu ukikanyaga mafuta, inakula oili, na ukichomoa dipstiki inapumua kama mtu anayekoroma. Asubuhi ya baridi haiwaki mpaka isukumwe. Mzee kabla hajamwita mtu yeyote alishapita mjini akanunua seti ya ringi standadi (vyuma vya duara vinavyoziba pembeni ya pistoni, saizi ya kiwandani), kwa sababu jirani kamwambia "hiyo ni ringi tu". Kumbuka hizo ringi, tutazirudia.

Kijana alifanya jambo moja zuri sana, hakugusa spana kwanza. Aliazima geji ya kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ya dizeli (ya petroli haifai, inaishia chini mno) akapima kupitia matundu ya hita plagi (zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha), injini ikiwa ya moto. Akapata silinda ya kwanza bar 24, ya pili 25, ya tatu 17, ya nne 23. Injini hii ikiwa nzima inatakiwa izunguke kwenye 30 hivi, ikishuka chini ya 20 hiyo ya kufumua, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Kwa hiyo hapo tayari jibu lipo, silinda ya tatu imekufa na wenzake wanaielekea.

Watu wengi hupenda kumimina oili kidogo kwenye silinda wapime tena waone kama kompresheni inapanda. Kwenye petroli sawa. Kwenye dizeli mimi sipendi, chumba cha mwako ni kidogo mno, ukizidisha oili pistoni inaenda kugonga kimiminika na konrodi (mkono unaoishika pistoni) inapinda, na isitoshe hata oili kidogo inaongeza kompresheni kiasi kwamba namba inakudanganya. Kijana aliniuliza nikamwambia aache.

Kufumua au kununua injini used?

Hapa palikuwa na mjadala wa nguvu. Mzee alisikia kwamba kuna injini used inauzwa, unafunga tu unaondoka. Kijana alikuwa na sababu mbili za kukataa. Ya kwanza, 2L used siku hizi nayo ni mzee mwenzake Mzee, hujui imetembea kilomita ngapi, unaweza kubadilisha ugonjwa kwa ugonjwa. Ya pili ni karatasi, kadi ya gari ina namba ya injini, ukifunga bloki nyingine namba haziendani mpaka ukafanye mabadiliko TRA (mamlaka ya mapato), na ukiwa huna risiti ya maana ya hiyo injini utapata shida njiani na siku ya kuuza. Sababu ya pili ndiyo iliyomshika Mzee. Ya kwanza alikuwa anaibishia mpaka mwisho.

Kushusha na kufumua

Mzee alitaka chenibloki ifungwe kwenye mwembe. Kijana akagoma, akaenda kukodi fremu ya mabomba. Nilimuunga mkono, injini hii na vikorokoro vyake ina uzito wa watu watatu wazima na tawi la mwembe halikuambii linavunjika lini. Boneti ikatolewa, rejeta ikatolewa, giaboksi ikategewa jeki chini isining'inie na shafti yake. Alipiga picha kwa simu kila hatua, bomba za nozeli, waya, hozi za vakyumu, na bolti zikaingia kwenye makopo ya Blue Band yenye maandishi ya maka peni. Siku ya kuunga makopo haya yaliokoa muda kuliko kifaa chochote pale.

Alipofungua, pistoni ya tatu ringi ya juu imekatika, kuta za silinda zina mikwaruzo unaisikia kwa ukucha. Beringi ya konrodi ya tatu imeliwa upande mmoja. Hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali) ilienda kupimwa presha kwa sababu hedi za 2L zina sifa ya kupasuka ikiwahi kuchemsha, ila hii ikapita, na kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) ikaonekana bado imenyooka. Fundi wa mashini shopu alitaka kuichonga "kidogo tu iwe safi". Kijana akakataa, na alikuwa sahihi, hedi hii ina chemba ndogo zilizopachikwa na urefu wa vali unahusika, huichongi kwa ajili ya urembo.

Ringi tu, au kuchonga silinda?

Ndiyo sehemu iliyogharimu pesa na maneno. Vipimo vya dayo geji (geji ya sindano ya kupimia tofauti ndogondogo) vilionyesha silinda ya tatu imeliwa juu kwa milimita 0.31, nyingine kati ya 0.18 na 0.22. Kiwango cha mwisho kwa injini za namna hii ni kama 0.2. Mazungumzo yalikuwa hivi, nayaweka jinsi nilivyosimuliwa:

"Mjomba, hizi ringi ulizonunua hazitaingia."

"Haziingii nini, si zimeandikwa 2L?"

"Zimeandikwa 2L standadi. Silinda zetu siyo standadi tena. Nikiweka zitaziba mwezi mmoja, mwezi wa pili unarudi kwenye moshi."

"Basi ibadilishwe hiyo ya tatu peke yake."

"Ukichonga moja unachonga zote nne mjomba, pistoni haziwezi kuwa saizi mbili kwenye krenki moja."

Mzee akarudi dukani na ringi zake. Risiti ilikuwa na ule mstari maarufu, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mpaka leo ziko kabatini.

Uamuzi ukawa kuchonga silinda zote kwenda ovasaizi 50, yaani zinaongezeka nusu milimita, na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kusagwa upande wa konrodi kwenda andasaizi 25, yaani inapungua robo milimita. Hapa fundi wa mashini shopu naye alifanya kitu kizuri, aligoma kuanza kuchonga mpaka pistoni mpya ziletwe mezani kwake. Pistoni za makampuni tofauti hupishana kidogo, na hata ndani ya boksi moja, kwa hiyo kila silinda ilimaliziwa kwa kipimo cha pistoni yake na ikapigwa namba. Ukiona fundi anachonga kabla hujanunua pistoni, jiulize anachonga kwenda wapi.

Usafi na rangi

Bloki ikarudi imechongwa na inang'aa, na hapo ndipo wengi huharibu. Kule kwenye kuta za silinda kumebaki unga wa mawe ya kusugulia, huuoni kwa macho, na mafuta ya taa hayautoi, yanausukuma tu uingie zaidi kwenye vinyweleo. Dawa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, unasugua kama unafua, halafu unakausha haraka na kupaka oili kabla kutu haijaanza. Kipimo ni kitambaa cheupe chenye oili, unafuta silinda, kikitoka kijivu unarudia. Kijana alirudia mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Njia za oili kwenye bloki na kwenye krenki zilipitishiwa brashi nyembamba na hewa ya kompresa.

Nje ya bloki ni hadithi nyingine. Nje aliosha kwa mafuta ya taa, akafuta, akaona pamekauka, akaendelea.

Kuhusu rangi gani, Mzee ni Yanga damu, alitaka injini nzima kijani. Kijana alitaka kijivu cha kupauka kwa sababu uvujaji wa oili kwenye kijivu unauona siku hiyohiyo, kwenye kijani cha giza au nyeusi unaugundua oili ikishafika kwenye belti. Wakakubaliana, bloki kijivu, kava ya vali kijani. Uamuzi mzuri wa kifundi na wa kifamilia.

Rangi yenyewe ilikuwa ya kawaida ya gari, ile ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuikomaza rangi), imepulizwa kwa kompresa ya jirani. Kwa bloki hakuna tatizo, bloki haivuki sana joto la maji yanayochemka na rangi ya gari inavumilia. Manifoldi ya ekzosi ni kitu kingine, pale joto linaenda mamia ya digrii, rangi ya kawaida inaungua siku ya kwanza na kunuka kebini nzima, kwa hiyo wao walitumia kopo la sprei ya kuhimili joto kali. Nyuso za gasketi, matundu ya oili na maji na sehemu zote za kuchongwa zilizibwa kwa masking tepu. Namba ya injini kwenye bloki nayo ilizibwa, rangi ikijaa kwenye zile alama za kugongwa siku ya kukaguliwa itasomeka kama umeichezea.

Jambo ambalo sikulipenda ni kupuliza rangi ya hadena ndani ya banda na barakoa ya kitambaa. Hadena hizo zina isosayaneti, zinaharibu mapafu na kitambaa hakizuii kitu, inatakiwa angalau barakoa ya vichujio vya kemikali na mahali penye hewa. Kwa bloki moja brashi ya nywele laini ingetosha kabisa, nani atafungua boneti aanze kutafuta alama za brashi?

Kuunga

Hapa sitakaa sana. Ringi zilipimwa upenyo ndani ya silinda moja moja kabla ya kuvishwa, beringi zilipakwa oili, torki renchi iliazimwa na hedi ikakazwa kwa hatua kutoka katikati kwenda nje kama kitabu kinavyotaka.

Ila kuna kitu kimoja cha dizeli ambacho fundi wa petroli anaweza kukikosa. Gasketi za hedi za injini hizi zinakuja kwa unene tofauti, na unachagua kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloki ikifika kileleni. Seti ya gasketi waliyonunua ilikuwa na ile nyembamba. Kijana alipima na dayo geji akakuta pistoni mpya zinachomoza zaidi ya kiwango cha hiyo nyembamba, ikabidi kusubiri nene iagizwe. Mzee alinung'unika kwa sababu nyanya zilikuwa zinaanza kuiva. Ukifunga nyembamba mahali pa nene unakaribisha pistoni kugusana na vali, na kompresheni inapanda kupita inavyotakiwa.

Belti ya taiming mpya pamoja na tenshena (kikaza belti), alama tatu zikalingana, ya krenki, ya kamshafti na ya pampu, halafu injini ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili kuona kama alama zinarudi palepale na hakuna kinachogonga. Zilirudi.

Siku ya kuwasha

Kwanza walichomoa waya wa selenoidi ya pampu ili dizeli isipite, lengo ni kupiga stata mpaka taa ya oili izime ndipo iwashwe kweli. Stata ikazunguka nzito. Nzito sana, mzunguko mmoja kama inafikiria, halafu inakata. Betri ilikuwa imechajiwa usiku kucha.

Majirani walishajaa bandani na kila mmoja ana jibu. Mmoja anasema silinda zimechongwa zikabana, mwingine beringi za meni zimekazwa kupita kiasi, fundi mmoja mzee akashauri ivutwe na gari jingine mpaka "ijilegeze". Mzee S alikuwa karibu kukubali. Kijana akanipigia, anasema nahisi itabidi nifungue tena.

Nilimuuliza swali moja, ulipoizungusha kwa mkono kwa spana kabla ya kufunga hedi na baada ya kufunga hedi, ilikuwaje? Akasema ilikuwa sawa, ina uzito wa injini mpya lakini inaenda kwa ulaini mwanzo mpaka mwisho. Basi injini haijabana. Injini iliyobana haiwezi kuwa laini kwa spana halafu ngumu kwa stata. Nikamwambia aweke mita, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye bolti ya bloki iliyokwanguliwa, halafu mtu apige stata. Ikasoma zaidi ya volti 3. Inatakiwa iwe chini ya nusu volti.

Yaani umeme wa kurudi ulikuwa hauna njia. Waya mnene wa ethi, ule unaotoka negativu ya betri kuja kwenye bloki, ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Rangi nzuri, imepigwa mara mbili, imekauka ikawa kama plastiki. Wakachukua waya wa jampa kutoka negativu mpaka kwenye chuma kitupu, stata ikazunguka kama gari jipya, taa ya oili ikazima. Wakakwangua pale mahali mpaka chuma, wakafunga ethi, wakapaka grisi juu yake kuzuia kutu, wakatoa hewa kwenye dizeli kwa pampu ya mkono, wakarudisha waya wa selenoidi. Ikawaka, moshi mweupe kidogo halafu ikatulia.

Haikuishia hapo. Injini inanguruma lakini geji ya joto haijainuka kabisa, na hozi ya juu ya rejeta huwezi kuishika kwa mkono. Sensa ya joto inapata ethi kupitia nyuzi zake zinazoingia kwenye chuma, na Kijana alikuwa ameizungushia tepu nyeupe nyingi isivuje na tundu lake lilikuwa limeingia rangi. Ukinzani ukiongezeka kwenye njia hiyo, geji inasoma baridi wakati injini ni ya moto. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko lile la stata, stata inakugomea hadharani, hii ingemchemshia Mzee hedi mlimani huku geji inamwambia mambo ni shwari. Wakapunguza tepu, wakasafisha nyuzi, sindano ikapanda mpaka karibu katikati ikakaa.

Matokeo

Baada ya wiki za kwanza kompresheni ilipimwa tena, silinda zote zikawa kati ya 29 na 31. Asubuhi ya baridi inawaka kwa hita plagi bila kusukumwa. Moshi wa bluu umeisha. Oili ya kwanza ilimwagwa mapema, ilikuwa na ung'aavu wa chuma kidogo kama inavyotarajiwa.

Ila inakula oili bado, kidogo tu, ya kuongeza katikati ya sevisi. Maelekezo yalikuwa kilomita elfu moja za mwanzo isibebe mzigo mzito, isikae sailensa (ikinguruma imesimama) muda mrefu, mwendo ubadilike badilike. Mzee alivumilia mpaka nyanya zilipoiva, akajaza tenga mpaka juu akapanda nazo mlima. Sijui kama unaweza kumlaumu mtu ambaye mazao yake yanaoza.

Rangi ya kijivu imekaa vizuri isipokuwa karibu na kichujio cha oili, pale imevimba na kubanduka vipandevipande.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kupima kabla ya kuamua. Kompresheni ilisema tatizo liko wapi, dayo geji ikaua wazo la ringi tu, kipimo cha pistoni kikaokoa hedi, na mita ya volti ikaokoa injini nzima isifumuliwe bure. Vifaa karibu vyote viliazimwa au kukodiwa, kwa hiyo hoja ya "nyumbani hatuna vifaa" haina uzito sana. Visivyowezekana nyumbani, kuchonga na kusaga krenki na kupima hedi, vilipelekwa kwa wenye mashini.

Kilichofeli kwanza ni manunuzi. Spea zilinunuliwa kwa kukisia mara mbili, ringi na gasketi, na zote mbili zilipaswa kungoja kipimo ambacho kilikuwa kinakuja tu.

Halafu rangi. Hakuna aliyeichukulia rangi kama sehemu ya mfumo wa umeme, ilionekana ni urembo wa mwisho, na matatizo yote mawili ya siku ya kuwasha yalitoka hapo. Wakati wa kuziba tepu walifikiria maji, oili na gasketi, ethi hakuna aliyeikumbuka. Kwenye injini ya namna hii mahali pa kuacha chuma kitupu ni pale panapofungwa waya wa ethi, uso ambao stata inakaa, mguu wa jenereta na bolti zake, na nyuzi za sensa ya joto na swichi ya oili. Kuhusu kubanduka kule kwenye kichujio, mafuta ya taa huacha utando, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na oili ya miaka mingi. Ilihitaji msasa halafu kufutwa na thina kwa kitambaa safi kabla ya praima.

La oili kupungua siwezi kulipa sababu moja. Inaweza kuwa mzigo wa mapema ulifanya ringi zisikae sawasawa, inaweza kuwa sili za vali, ambazo walibadilisha kwa seti ya bei nafuu. Moshi hauonekani na kompresheni iko juu, kwa hiyo Kijana ameamua asifungue kitu, anaandika tu kwenye daftari la dashibodi oili iliyoongezwa na kilomita, na uvujaji mdogo wa nyuma ya kava ya vali, ambao kile kijivu kiliuonyesha ndani ya wiki ya kwanza, ameshauziba.